Fizi za Kusi

Asubuhi moja mwishoni mwa masika, nilipokuwa nikirudi kutoka msikitini, mbwa wangu Kusi hakuinuka. Ni mbwa ambaye huzitambua ndara zangu tangu zikiwa kwenye kona ya mwisho, akatangulia kusimama nyuma ya geti huku mkia ukipiga bati. Siku ile alinitazama tu kutoka chini ya mwembe, akatikisa ncha ya mkia mara moja, kisha akarudisha kidevu mchangani. Ugali wa jana yake ulikuwa bado kwenye sahani, umejaa sisimizi. Nilimfunua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na nilichokiona kilitosha kunifanya niombe ruhusa kazini: ufizi wake, ambao siku zote huwa na rangi ya waridi, ulikuwa mweupe kama nyama ya dafu. Alipojikongoja hadi ukutani kukojoa, mkojo ulitoka na rangi ya kahawa.

Nimefuga mbwa hapa Kange, pembezoni mwa jiji la Tanga, kwa miaka tisa sasa, na ninakiri kwamba miaka ya mwanzo nilifuga kama wengi wetu tunavyofuga. Mbwa alikuwa kufuli la geti, na hakuna mtu apelekaye kufuli hospitali. Likiharibika hununuliwa jingine. Tatizo ni kwamba mbwa ni hodari wa kuficha maradhi, na anayengoja hadi aanguke ndipo amtafute daktari huwa amechelewa kwa siku nyingi. Nikiyapitia magonjwa yote yaliyowahi kunitoa fedha au machozi, karibu kila moja lingezuiwa, au lingeonekana mapema, kwa mambo ya gharama ndogo: chanjo iliyokamilishwa, vidole vinavyopapasa manyoya kila jioni, na jicho linalojua ufizi mzima unafananaje.

Daktari wa mifugo niliyempelekea Kusi, kwa bajaji ambayo dereva wake alikubali baada ya kutandikiwa gunia na kuongezwa nauli, alianza na kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, juu kidogo ya letu sisi binadamu, kwa hiyo kumshika masikio na kutamka kwamba ana homa hakuna maana. La Kusi lilikuwa nyuzi 40.6. Kisha akachoma ncha ya sikio, akapakaza tone la damu kwenye kioo chembamba, akalikausha, akalitia rangi ya zambarau, na baada ya kulitazama kwa muda kwenye hadubini akaniita.

"Karibu uone mwenyewe, Mwalimu."

Chembe nyekundu za damu zilionekana kama sarafu zilizomwagwa mezani, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na vitu viwili vidogo vyenye umbo la tone la maji, vimegusana kwa ncha zao zilizochongoka. Hiyo ndiyo babesia, kimelea aletwaye na kupe. Huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo, kisha chembe hupasuka. Rangi nyekundu iliyokuwa ndani yake huchujwa na figo na kutoka kwenye mkojo, na kadiri chembe zinavyopungua ndivyo ufizi unavyopauka. Nilikuwa nimeyaona yote mawili pale chini ya mwembe bila kujua kwamba ni jambo moja.

Dawa aliyopewa ni diminazini, ule unga wa njano unaochanganywa na maji na kuchomwa sindano, ambao wafugaji wa ng'ombe wanaufahamu vizuri. Kabla ya kuivuta kwenye bomba, daktari alimpandisha Kusi kwenye mizani. Nafasi kati ya dozi inayomponya mbwa na ile inayomwumiza ubongo ni finyu, na wapo mbwa waliopona kupe wakafa kwa sindano, kwa sababu mtu alikisia uzito kwa macho. Siku ya tatu Kusi alilamba supu ya vichwa vya samaki. Ilimchukua muda mrefu zaidi kurudi katika nguvu zake, kwa maana sindano huua kimelea lakini hairudishi damu iliyokwisha kupotea.

Babesia ana mwenzake mkimya zaidi, naye ni bakteria aitwaye erlikia. Huyu hushambulia chembe nyeupe za damu, na mbwa aliyempata anaweza kuwa na homa kwa siku chache, akapona kwa macho ya mwenyewe, akaishi miezi mingi akionekana salama, kisha siku moja akaanza kutoka damu puani bila kupigwa wala kujigonga. Watu wengi hudhani amelishwa sumu. Tiba yake ni vidonge vya doksisaiklini kwa siku 28, na hapo ndipo wengi tunapojikwaa: siku ya sita mbwa anaruka ruka, mwenye mbwa anaona hakuna haja ya kumaliza, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini vimngoje mtoto mwenye kikohozi. Hayo mawili ni makosa kwa pamoja.

Baada ya Kusi kupona, daktari alinipa kazi ambayo sikuitarajia. Aliniambia nisimtazame mbwa, nitazame ukuta. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye ndiye anayesambaza erlikia, hana haja ya kwenda porini wala malishoni; anaweza kuishi vizazi na vizazi katika ua mmoja. Jike akishiba damu hudondoka, hutambaa hadi kwenye ufa, na humo hutaga mayai kwa maelfu. Watoto wake hupanda juu ya mbwa, hunyonya, hudondoka, hujivua ngozi ukutani, hupanda tena, na wakikosa mbwa wanaweza kungoja kwa miezi. Babesia aliye mkali zaidi huletwa na kupe mwingine akaaye majanini, lakini yule wa ukutani ndiye aliyekuwa amenijazia nyumba. Nilichukua tochi jioni ile, nikachunguza banda la Kusi, ambalo ukuta wake mmoja ni wa mawe ya matumbawe yaliyosalia kwenye msingi wa zamani. Katika kila tundu palikuwa na kitu kama punje za mtama, za kijivu na za kahawia, na nilipopuliza pumzi ya moto ndani ya tundu moja, punje zikaanza kutembea.

Nilikuwa nikimwogesha mbwa yule kila Jumapili, naye alikuwa akirudi kulala ndani ya ghala la kupe. Tuliziba nyufa kwa saruji, tukachoma magunia ya kulalia, tukanyunyizia dawa ya kupe kwenye kuta na chini ya paa huku Kusi akiwa amefungwa mbali hadi kukauka, na tukarudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya wale waliokuwa bado mayai. Mbwa mwenyewe sasa huvaa ukanda wa shingoni wenye dawa. Zipo njia nyingine, yakiwemo matone ya kudondosha mgongoni na vidonge vya kutafuna ambavyo hufanya kazi vizuri sana lakini bei yake si ya mshahara wa kila mtu. Dawa ya kuogeshea nayo inafaa iwapo imechanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Niseme jambo moja kwa wenye paka, maana mji wetu una paka wengi kuliko mbwa: matone ya mbwa yenye pamethrini huua paka, na paka hahitaji kupakwa, inatosha alale karibu na mbwa aliyetoka kupakwa.

Kuhusu oili chafu ya gari, mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia mashambani, ambazo kila mtaa una mtu wa kukushauri uzitumie kwa kupe na upele, ninaomba ushauri huo uishie masikioni. Mbwa hujilamba. Kinachopakwa mgongoni asubuhi huwa tumboni jioni, na mbwa anayedondosha mate kama bomba lililokatika, anayetetemeka huku mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mara nyingi amelambishwa dawa ya wadudu na mtu aliyempenda.

Kabla ya Kusi alikuwapo Tomi, na habari yake siipendi. Nilimpata akiwa na umri wa wiki sita, pamoja na kadi iliyokuwa na muhuri mmoja, nami nikaamini kwamba muhuri ule umemaliza kazi. Alipofikisha wiki kumi na moja alianza kutapika povu, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau, na siku ya tatu akafa juu ya boksi la sabuni, chini ya sinki la uani. Ilikuwa parvo. Kirusi hiki kilianza kutambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi kilikuwa kimeenea dunia nzima. Hakuna dawa ya kukiua kikiwa ndani ya mbwa. Kinachofanyika ni kumwekea dripu, kuzuia kutapika na kuomba utumbo upate muda wa kujitengeneza upya.

Kwa nini chanjo moja haikumkinga? Swali hili lilinisumbua hadi nilipoelezwa habari ya dang'a. Mtoto wa mbwa hupokea kinga ya mama yake kupitia maziwa ya siku ya kwanza, na kinga hiyo humlinda kwa wiki kadhaa, lakini wakati huo huo huitambua chanjo kuwa ni adui na kuizima kabla mwili wake haujajifunza chochote. Kinga ya mama hupungua kidogo kidogo, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama mtoto ni wiki gani imekwisha; kwa mmoja ni wiki ya nane, kwa ndugu yake waliyezaliwa siku moja ni wiki ya kumi na nne. Ndiyo maana chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, kisha hurudiwa tena mtoto anapokaribia mwaka mmoja. Muhuri wa kwanza wa Tomi haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa kwanza tu, na mimi nikausoma kama wa mwisho. Katikati ya ratiba hiyo, mtoto hapaswi kuzurura mtaani wala kunusa kinyesi cha mbwa wengine.

Kirusi cha parvo hubaki kwenye udongo kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Sakafu ya saruji niliiosha kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, lakini mchanga hauoshwi, nami nikakaa mwaka na nusu bila mbwa.

Nilipomleta Kusi nilikuwa nimeshakuwa mkali kuhusu chanjo, labda kupita kiasi. Katika duka moja la dawa za mifugo nilipewa kichupa cha chanjo kilichotolewa kwenye friji iliyokuwa kimya, kwa sababu umeme ulikatika tangu usiku wa jana yake, na muuzaji akakifunga kwenye kipande cha gazeti kama bagia. Nilikirudisha. Aliniona msumbufu, na pengine nilikuwa, lakini chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye bomba la sindano, na iliyopata joto haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Huchomwa, hugongewa muhuri, na haikingi. Siku hizi namwita daktari aje na kisanduku chake cha barafu. Anayelazimika kuifuata mwenyewe na aende na chupa ya chai yenye barafu, akifunga kichupa ndani ya kitambaa ili kisigusane na barafu, kwa kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa huharibika pia ikiganda.

Chanjo hiyo ya kichaa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kuhusu hilo simruhusu mtu kubishana nami. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishamtokea mtu hakuna tiba. Ng'ambo yetu tu, kisiwani Pemba, ugonjwa huu ulitokomezwa kwa kuchanja mbwa, ukarudi, ukatokomezwa tena kwa njia ile ile. Wataalamu husema wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, na hali hiyo ikadumishwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika majira hayo halmashauri nyingi huchanja bila malipo. Mwaka juzi nilikwenda na mbwa watatu, wawili kati yao wa majirani.

Watu hutarajia mbwa mwenye kichaa awe anakimbia mtaani huku akiuma kila kitu. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaokuwa wapole kupita kawaida, taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imebadilika, na mwenye mbwa anadhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono mdomoni kuutafuta. Mkono huo usitiwe kamwe.

Mtoto mmoja wa mtaani kwetu aliumwa muundi na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Nilipofika, bibi yake alikuwa tayari amesaga majani ya kufunika kidonda.

"Shikamoo Bibi. Tafadhali, tuanze na maji na sabuni, majani yasubiri."

"Marahaba, Mwalimu. Maji yatafanya nini kwa jino la mbwa?"

Yanafanya mengi. Tulimweka mtoto chini ya bomba, mimi nikishika mguu na bibi akimimina sabuni ya unga, kwa dakika 15 za saa, ambazo kwa mtoto anayelia ni ndefu kama Ramadhani. Maji yanayotiririka huondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu, na sabuni huviua. Kisha wakaenda hospitali siku ile ile kuanza sindano, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa, na bibi akahakikisha hakukosa hata moja. Mtoto sasa yuko darasa la nne, na kila tunapokutana bibi hunionyesha kovu kana kwamba nililitia mimi.

Kuna jambo ambalo waandishi wa mambo ya mbwa wa nchi nyingine hawalazimiki kuligusa. Mimi ni Mwislamu, na majirani zangu wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa, lakini kwa kuwa watu hawapendi kumgusa, mbwa wengi wa ukanda wetu hupita miaka bila mkono wa mtu kupita kwenye manyoya yao, na kupe hawaombi mazingira bora kuliko hayo. Nilichofanya ni kutenga vitu vya kazi hiyo tu: glavu za mpira, shati kuukuu, brashi na kopo, vyote vikitundikwa nje ya nyumba. Mzee mmoja wa msikitini kwetu, nilipomweleza kwa kusitasita, alinijibu, "Mwanangu, umemfunga mwenyewe. Njaa yake na kidonda chake viko juu yako," akaendelea na tasbihi yake.

Minyoo nitaipitia haraka. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo, kwa maana huipata wakiwa bado tumboni mwa mama, kisha huipata tena kwenye maziwa. Hupewa dawa kuanzia wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili hadi watimize miezi mitatu hivi, na wakubwa kila miezi mitatu. Ile mistari inayowasha na kujipinda kwenye nyayo za watoto wanaocheza mchangani ufukweni ni viluwiluwi vya minyoo ya mbwa na paka waliojisaidia pale.

Wenye mashamba upande wa Pangani na jirani na hifadhi ya Saadani wana tatizo la ziada, nalo ni mbung'o. Mbwa aliyeumwa nao anaweza kupata homa, kukonda na kuvimba uso, kisha jicho moja au yote mawili likafunikwa na ukungu wa buluu, na watu husema amepigwa jiwe. Inashangaza kwamba tunasahau, wakati Tanga ndiko walikozalishwa, katika taasisi ya utafiti wa ndorobo (jina jingine la mbung'o), wale mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja miaka ya 1990, hadi mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Jicho lenye ukungu ni la kupelekwa kwa daktari pamoja na damu ya kupimwa, si la kutiwa matone ya macho ya binadamu.

Dawa zetu, kwa ujumla, si zake. Kidonge cha daiklofenaki kinachonituliza mgongo kinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na panadoli haina usalama ambao watu huidhania.

Kusi sasa ana umri wa miaka sita. Kila siku kati ya Alasiri na Magharibi huja mwenyewe chini ya mwembe, akalala ubavu, kwa kuwa amejifunza kwamba kazi ile huishia kwa kichwa cha samaki. Naanza na masikio, ndani na nyuma, kisha shingoni chini ya ukanda, kwapani, katikati ya vidole. Kupe ninayemwona namkamata kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumminya, kisha namdumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Mwisho nafunua mdomo, nabonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, naachia na kuhesabu. Rangi ikirudi kabla sijafika mbili, nafunika kopo. Jana walikuwa kupe wawili, wote nyuma ya sikio la kushoto, na nimeshaona ufa mpya karibu na bawaba ya mlango wa banda unaohitaji saruji.